Alama niliyoifuta kwenye jina langu

Amala alipofika ukurasa wa saba alicheka mpaka akaishika meza kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye mashine ya kukunja karatasi, sijui kinachomchekesha. Akaniita kwa kidole. Akanionyesha mstari wa nne kutoka chini, maneno niliyoyapanga mwenyewe usiku wa juzi yake, nikayapimia nafasi, nikayachapa nakala 150.

"Unajua hapa pameandikwa jina la nani?"

Sikujua.

"Lako. Ila humu umekuwa Phumo. Mtu akilisoma mbio mbio atadhani tunamshukuru msichana."

Naitwa Fumo. Ni jina la kwetu Lamu, jina la watu wa zamani wa Pate, na msichana hapewi. Nafanya kazi kwenye duka la uchapaji Queen Street West, Toronto, mtaa wa Parkdale, ambako Watibeti ni wengi kiasi kwamba ukitoka mlangoni kwetu ukashika njia yoyote utakutana na mkahawa wa momo, vile vitumbua vyao vya unga vilivyojazwa nyama au mboga, kabla hujafunga vifungo vya koti. "Amala" ni mama, na hiyo "la" ya mwisho ni ya heshima. Jina lake halisi nalijua kwa sababu linaandikwa kwenye risiti, lakini ana umri wa mama yangu, na jina kavu la mtu wa umri huo haliwezi kunitoka mdomoni, si kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine.

Kila mwaka kabla ya Losar, mwaka mpya wao, yeye na kikundi chake cha akina mama hutuletea kazi ya kijitabu: kurasa nane, sala, ratiba ya siku, na ukurasa wa shukrani. Mwaka huu waliamua kuwashukuru na majirani wasio Watibeti, majina yao yakiandikwa kwa herufi za Kitibeti: muoka mikate wa kona ile, dereva anayewabeba wazee, na mchapaji. Hawakuniambia. Ilikuwa iwe zawadi. Kwa hiyo nililipanga jina langu bila kujua kuwa ni langu, nikaliharibu, nikalichapa.

Kupanga maandishi usiyoyasoma ni jambo la kila siku katika kazi yetu. Napanga Kivietinamu, Kitamil, Kiamhara, na sijui hata kuomba maji kwa lugha hizo. Unakuwa kama hamali wa bandarini: kasha hulijui ndani lina nini, lakini unajua upande gani uwe juu. Ya Kitibeti nilikuwa najua machache. Herufi hazikai juu ya mstari, zinaning'inia kutoka juu kama nguo kwenye kamba. Hakuna nafasi kati ya neno na neno. Kila silabi hufuatwa na kinukta kiitwacho tsheg, na mstari hukatwa baada ya kinukta hicho. Sentensi hufungwa na mchoro wa wima uitwao shad. Silabi ikiisha kwa herufi ya ng', kinukta lazima kiwekwe kabla ya shad, na hapo ni marufuku mstari kukatika, kwa hiyo kuna kinukta cha pili, sura ileile, namba tofauti, kazi yake ni kuzuia mkato. Haya Amala alinifundisha mwaka wangu wa kwanza, baada ya kumchapia ukurasa ambao shad tatu zilianza mistari zikiwa peke yake kama vigingi vilivyosahauliwa shambani.

Sasa nilichokifanya.

Faili zinazoingia dukani huja na uchafu wa kila aina. Kivietinamu ndicho kilichonifundisha kuogopa: herufi moja yenye alama mbili kichwani inaweza kuhifadhiwa kama kitu kimoja, au kama herufi na alama zake zikifuatana, na kwa macho huoni tofauti mpaka fonti ishindwe na alama zianze kuelea. Kwa hiyo niliandika mistari sita ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ya kusawazisha kila faili kabla haijaingia kwenye programu ya kupangia kurasa. Unikodi, ule mfumo unaoipa kila herufi ya dunia namba yake, una kanuni zake rasmi za usawazishaji: maandishi yanayofanana yawe na mfuatano mmoja wa namba. Nikazipitisha humo faili zote. Miaka miwili mambo yakaenda sawa.

Faili ya Amala nayo ikapita. Nilipoifungua, kwenye mstari ule wa nne kutoka chini kulikuwa na kiduara cha nukta nukta, kimesimama peke yake, na kijimkia kimoja kimeshikilia bega lake la kulia. Wachapaji wanakijua kiduara hiki. Mashine hukichora inapokuta alama isiyo na pa kukaa: nimepewa kofia, kichwa kiko wapi? Mimi, saa nne za usiku, nikakiona kama takataka. Maneno mengine yote yalikuwa safi. Nikakifuta, na kijimkia kikaenda nacho. Nikajisifu kabisa kwamba nina jicho.

Kijimkia hicho kinaitwa tsa-phru. Tazama herufi ཅ, ambayo sauti yake iko karibu na ch yetu, halafu tazama ཙ, ambayo ni ts. Ni ileile, imeongezewa kibendera begani. Hicho kibendera ndicho tsa-phru, na baadaye kikapata kazi ya ziada: kubandikwa kwenye herufi nyingine ili zitoe sauti ambazo Kitibeti hakina. F hawana. Wanachukua ཕ, ambayo ni p yenye pumzi nyingi, wanaibandika kibendera, inakuwa ཕ༹, na sasa ni f. Herufi ya b ikibandikwa kibendera inakuwa v. Jina langu, kama Amala alivyoliandika kwa mkono wake kwenye kibodi, lilikuwa ཕུ༹་མོ་. Mimi nikaliacha ཕུ་མོ་. Na msichana kwa Kitibeti ni བུ་མོ་, herufi ya kwanza ni nyingine na toni ni nyingine, lakini watu wa Lhasa hulitamka karibu na "pumo". Ndiyo maana Amala alishika meza.

Mtu aliyesoma chuoni Lamu, yaani madrasa, hahitaji maelezo marefu juu ya kibendera kinachogeuza p kuwa f. Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, na Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch. Wazee waliandika b na msomaji akajijazia mwenyewe kama ni b au p, au mb. Wengine wakaongeza nukta: fe yenye nukta tatu ikawa v. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, karne ya 19, alikaa akazirekebisha herufi na irabu ili mashairi ya Kiswahili yasomeke bila kubahatisha. Kazi ileile: sauti ngeni imekuja nyumbani, hakuna kiti, unaongeza mguu kwenye kiti cha zamani.

Nilipotulia, nikaifungua faili ya asili ya Amala kwa programu inayoonyesha namba tu. Jina langu lilianza hivi (namba za Unikodi huchanganya tarakimu na herufi): 0F55, 0F39, 0F74. Yaani pha, kibendera, u. Ndivyo anavyofikiri kila anayeandika: kwanza ifanye herufi iwe f, kisha iwekee irabu. Nikaifungua faili iliyopita kwenye mistari yangu sita. 0F55, 0F74, 0F39. Pha, u, kibendera. Mistari yangu ilikuwa imeivua f bendera yake, ikaingiza u katikati, kisha ikaja kuibandika bendera mwishoni, na programu yetu ya kupangia kurasa, ambayo si ya jana, ikaona bendera imekuja nyumba imeshafungwa. Ikachora kiduara.

Haikuwa hitilafu ya Python. Ilifanya kama kanuni isemavyo. Katika Unikodi kila alama ya kubandika ina namba ya daraja, na alama mbili zikikutana juu ya herufi moja hupangwa kwa daraja, ndogo mbele, kubwa nyuma. Kuna busara ndani yake, nisiseme hakuna. Watibeti wana vifupisho, mtu hubana silabi mbili katika moja, kama vile bkra shis ya kwenye salamu ya "tashi delek" inavyobanwa kuwa བཀྲིས. Katika kubana huko herufi moja inaweza kubeba irabu mbili, i juu na u chini. Wewe umechapa i kwanza, mimi nimechapa u kwanza, kwa macho ni kitu kimoja. Kanuni inasema i ina daraja 130, u ina 132, basi zote mbili zitahifadhiwa i kisha u, na mtafutaji atazipata. Irabu ndefu nayo ina alama yake, daraja 129, iwe mbele ya zote. Silabi ya mwisho ya ile sala ya mani, Om mani padme hum, yaani ཧཱུྃ, inakaa vizuri kabisa katika mpango huo: ha, kirefusho, u, na alama ya puani juu.

Sasa tsa-phru wakaipa ngapi? 216. Na 216 ni daraja la alama "zinazoshikamana juu upande wa kulia". Hapo ndipo niliposimama nikaenda kuchemsha chai. Waliitazama alama, wakauliza inakaa wapi, wakaandika inapokaa. Hawakuuliza inafanya nini. Ingeulizwa inafanya nini, jibu lingekuwa: inaibadilisha konsonanti yenyewe, ni sehemu ya mwili wa herufi, ije kabla ya irabu yoyote. Na lililonikera zaidi ni kwamba ndugu yake anajulikana. Kihindi kina nukta inayowekwa chini ya herufi kuifanya z au f, kazi hiyohiyo ya kukaribisha sauti ngeni, na nukta ile ilipewa daraja lake, 7, huko mbele kabisa ya foleni. Ya Kihindi 7, ya Kitibeti 216. Ndugu wawili, mmoja kaketishwa mbele, mwingine nyuma ya nguzo.

Irabu zetu za chuoni nazo hazikusalimika. Fataha, alama ya a, imepewa 30, dhumma ya u 31, kasra ya i 32, na shada, alama ya kukaza herufi, 33. Mwalimu yeyote wa chuo atakuambia kwamba shada huja kwanza: unaikaza herufi, halafu unaitia irabu. Usawazishaji unaiweka irabu mbele na shada nyuma. Watengeneza fonti wamezoea kuzigeuza tena wakati wa kuchora, na kwa sababu wasomaji wa Kiarabu ni mamilioni kwa mamilioni, programu nyingi zimejifunza. Kibendera cha Kitibeti hakina jeshi la namna hiyo nyuma yake.

Na haitarekebishwa. Unikodi ina sera ya uthabiti: faili iliyosawazishwa jana lazima isawazishwe vilevile leo na kesho, kwa hiyo madaraja ya herufi zilizokwishasajiliwa hayaguswi hata kama kila mtu anakubali yalikosewa. Mwanzoni nilikasirika. Kisha nikafikiria kumbukumbu za nyaraka, sahihi za kidijitali, nywila za watu, vyote vinavyotegemea mfuatano usiobadilika, nikaona kwamba mimi nikiwa kwenye kiti kile huenda ningesema hivyohivyo, kwa shingo upande. Hata majina rasmi ya herufi hayabadiliki. Kuna alama ya kuanzia maandishi inayotumika Bhutan, namba 0FD0, ambayo jina lake liliandikwa BSKA- badala ya BKA-. S moja ya ziada iliyopenya. Walichoweza kufanya ni kuiongezea jina la pili, la masahihisho, kando. La kwanza limebaki na s yake.

Nilipomsimulia Amala hili la s, alisema hilo ndilo la Kitibeti hasa: herufi imeandikwa, haisomwi, na hakuna anayethubutu kuitoa. Alikuwa anatania maandishi yao wenyewe. Chukua བསྒྲུབས, ambayo kwa herufi za Kilatini ni bsgrubs. Herufi za kutamka zinaweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Mdomo wa Lhasa hutoa kitu kama "drup". Ndani yake kuna namba saba: b, kisha mnara wa s yenye g chini yake yenye r chini yake yenye ndoano ya u chini kabisa, kisha b, kisha s. Sisi tunaoandika tunavyosema hatujui raha tuliyonayo.

Minara hiyo ndiyo iliyowatoa jasho wenye kutengeneza mifumo tangu mwanzo. Kitibeti kilikuwemo katika toleo la kwanza kabisa la Unikodi, mwaka 1991, kwenye namba zinazoanzia 1000. Kilipangwa kama maandishi ya Kihindi: konsonanti moja, alama ya kuunganisha, konsonanti nyingine, na mashine ijue yenyewe kujenga mnara. Ikaonekana haifai. Alama hiyohiyo moja ilitakiwa iunganishe na pia iweze kuonekana inapohitajika kuua irabu, kama inavyotokea katika maneno ya Kisanskrit, na mfumo haukuweza kutofautisha. Kikaondolewa kabla ya toleo la 1.1 la mwaka 1993. Kikarudi mwaka 1996, toleo la 2.0, kwenye namba zinazoanzia 0F00, safari hii kila konsonanti ikiwa na namba mbili, moja ya kusimama na moja ya kukaa chini ya mwenziwe. Nyumba ya zamani wakapewa Waburma, nao wamo humo mpaka leo.

Hata baada ya hapo ugomvi haukwisha. Mwaka 2002 China ilipeleka pendekezo la kuongeza minara 956 iliyokwisha kujengwa, kila mmoja na namba yake. Likakataliwa, nayo ikaja kutoa kiwango chake cha kitaifa mwaka 2006 chenye minara tayari, katika lile eneo la namba ambalo kila mtu anaruhusiwa kulitumia apendavyo. Mimi kama mchapaji naelewa kishawishi chake. Mnara uliojengwa tayari hauhitaji fonti yenye akili, unauchapa, unatoka. Lakini kisha unakuwa na njia mbili za kuandika neno moja, na hilo ndilo donda linalonifanya niandike haya yote.

Kwani njia mbili zipo hata bila China. Silabi Om, ile ya kuanzia sala, ina namba yake peke yake, 0F00. Inaweza pia kuandikwa kwa namba tatu: a, alama ya o, na kinukta cha puani. Kwa macho ni pacha. Ungetegemea usawazishaji uziunganishe, maana ndiyo kazi yake, lakini hauziunganishi. 0F00 haina mvunjo rasmi, kwa hiyo kompyuta inaziona ni watu wasiojuana. Nilijaribu kwenye kijitabu cha Amala. Sala iliandikwa na akina mama watatu tofauti kwenye simu tofauti. Nilipotafuta Om nikaambiwa ziko nne. Nikahesabu kwa kidole: kumi na moja.

Kinyume chake kipo pia. Herufi ya dha, ya Kisanskrit, ina namba yake moja, 0F52. Usawazishaji ule ule ninaoutumia kubana herufi za Kivietinamu ziwe moja moja, ukifika kwenye dha unaivunja kuwa mbili, da na ha ya chini, na kwa kanuni hairuhusiwi kuunganishwa tena. Ndiyo maana faili ya Amala ilitoka kwenye mistari yangu sita ikiwa ndefu kuliko ilivyoingia. Niliona ukubwa umeongezeka usiku ule. Niliona, nikapiga mwayo.

Ni lazima nikiri kwamba kwa miaka mingi sisi wa madukani tulilikwepa tatizo lote hili kwa ujanja mmoja: mteja akileta lugha inayosumbua, unageuza maandishi kuwa michoro. Herufi zinakuwa maumbo tu, hakuna fonti, hakuna namba, hakuna kinachoweza kuruka mahali pake. Karatasi inatoka safi. Lakini PDF ya namna hiyo ni picha. Mjukuu wa Amala akiitafuta sala fulani ndani yake hapati kitu. Akitaka kunakili mstari aitumie nyanya yake India, hapati kitu. Kabla ya hapo zilikuwepo zile fonti za zamani, ambazo mnara mmoja ulikuwa umefichwa chini ya herufi ya Kilatini, na kwa kuwa minara ni mingi kuliko nafasi za fonti moja, fonti ilikuwa faili kadhaa zinazopokezana katikati ya neno. Bado naletewa hati hizo. Ukibadilisha fonti kwa bahati mbaya, sutra nzima, andiko lao takatifu, inageuka alama za dola na mabano.

Hakuna aliyenilazimisha kuchapa upya. Amala alisema, "Iache, watacheka, Losar ni ya kucheka." Bosi hakuwa na habari. Lakini lilikuwa jina langu, na mimi ndiye niliyelifuta. Kijitabu cha kurasa nane kilichopigwa pini katikati ni karatasi mbili tu. Ukurasa wa saba uko kwenye karatasi ya nje pamoja na wa kwanza, wa pili na wa nane. Nilichomoa pini 300 kwa ncha ya mkasi. Nikachapa karatasi za nje 150 upya, nikazikunja, nikazivalisha, nikapiga pini nyingine.

Safari hii Amala alikaa nami, kwenye kile kiti cha wateja wanaosubiri, miguu kaiweka karibu na kipasha joto. Nilitumia fonti ya Jomolhari, iliyotengenezwa na Christopher Fynn kwa kufuata miandiko ya Bhutan na kupewa jina la mlima ulioko mpakani mwa Bhutan na Tibet. Mistari yangu sita sasa ni saba: wa saba unasema ukikuta namba kati ya 0F00 na 0FFF, pita, usiguse. Si dawa kamili. Akituma mtu faili iliyokwisha kusawazishwa huko ilikotoka, kibendera kitakuwa nyuma tayari, na itanibidi nikirudishe mwenyewe mbele ya irabu, na kisha faili yangu na yake hazitalingana kwa mashine yoyote isiyosawazisha kabla ya kulinganisha. Lakini kwenye karatasi itasomeka f.

Wakati mashine inapata moto, Amala alinifundisha irabu. Ziko nne, na a haina alama, inakaa ndani ya konsonanti yenyewe. Wanazisoma kwa kuimba: ka gigu ki, ka zhabkyu ku, ka drengbu ke, ka naro ko. Aliimba kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza, mabega yakicheza. Nami nikamjibu ya kwetu, ba fataha ba, ba kasra bi, ba dhumma bu, na kwa muda ule duka zima lilinukia mkeka na wino wa chuoni. Zhabkyu, akasema, ni ndoano ya mguuni. Na neno la mguu lililotumika humo ni lile la heshima, linalosemwa kwa miguu ya wakubwa. Ndoano ya u, chini kabisa ya mnara, imepewa mguu wa lama, mwalimu wao wa dini.

Aliniuliza kwa nini nilikifuta kibendera. Nikamwambia nilidhani ni doa. Akafikiri kidogo, akasema hata wao wazee wengi hawakijui kibendera hicho juu ya herufi ya ph. Zamani hawakuwa na haja ya f, na wengine mpaka leo huandika f kwa kuweka ph chini ya h. Yeye alichagua kibendera kwa sababu alidhani kitakuwa rahisi kwangu kukipanga.

Usiku nilimtumia mama picha ya ukurasa wa saba, jina langu nimelizungushia wino mwekundu. Mama hasomi Kiingereza, lakini Kiswahili cha herufi za Kiarabu anakisoma mbio kuliko mimi ninavyosoma cha Kilatini. Hakuuliza nani Amala wala Losar ni nini. Aliikuza picha, akanitumia sauti.

"Hii nukta ya f ndiyo ipi?"

Nikamchorea mshale.

"Mbona imekaa upande? Ya kwetu huketi juu, katikati."